Barua kwa Mwanangu: Dkt. Hawa Abdi, na Yule Uliyemwacha Kwangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na jua la Garissa likuonee huruma. Huku kwetu masika yameanza kwa nguvu, ua wote ni matope, na leo mbaazi nimezipikia ndani. Mjukuu wangu hajambo. Kikohozi kimekwisha, na sasa asema "nyanya" sawasawa, halirukii jina kama alivyokuwa akifanya ulipoondoka.

Juzi usiku, ulipotoka zamu, uliniandikia maneno haya kwenye simu: "Mama, nilipokuwa sekondari ulikuwa ukinisimulia Daktari Hawa wa Somalia, ukasema alikuwa daktari kamili na mama kamili. Nambie kweli, yawezekana? Au lazima mmoja aibiwe ili mwingine ashibe?" Halafu chini yake ukaandika: "Leo nimemzalisha mama wa miaka kumi na saba, nikakumbuka sijampigia mwanangu simu siku tatu."

Nilitaka kukujibu kwa sauti. Nikabonyeza, nikazungumza dakika nne nzima, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Kuna mambo mtu akiyasema kwa simu yanatoka mepesi kuliko yalivyo. Ndiyo nikatafuta daftari la babako nikakaa barazani, mtoto amelala, nikasema niandike mpaka nimalize.

Nianze na vile nilivyolijua jina la Daktari Hawa, maana sidhani nimewahi kukueleza vizuri. Wewe uliliona kwenye habari mwaka 2010 ukafikiri na mimi ndipo nilipomjua. Mimi nililisikia kabla hujazaliwa, kambini Utange, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mombasa.

Siad Barre, aliyekuwa rais wa Somalia, aliondoka Mogadishu Januari 1991, na muda si muda watu wakaanza kuingia Mombasa kwa majahazi na maboti. Walikuja wamejazana, wengine wana watoto wachanga, wengine wamevaa nguo nzuri za mjini zilizokauka chumvi. Utange ikawa kambi, na Wabarawa na Wabenadiri, watu wa pwani ya Somalia, nao wakawa na sehemu zao. Mimi nilikuwa nesi mchanga, mkunga wa miaka michache, nikapelekwa kusaidia wajawazito kwa muda. Kisomali sikukijua hata kidogo. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kibarawa, mtu mzima, anazungumza Chimwini, Kiswahili cha kwao Barawa. Siku ya kwanza aliniuliza kama kuna "chakuja", nami nikatazama mlangoni nikidhani kuna kitu kinakuja. Alikuwa aulizia chakula. Baada ya wiki mbili tukawa tunaelewana, yeye na Chimwini chake, mimi na Kimvita changu, kama mtu na shangazi yake wa mbali.

Basi siku moja akaletwa mwanamke wa Mogadishu, mimba ya tatu, uchungu umeshika. Nikawa nampapasa tumbo, nikimuuliza kupitia kwa yule mama Mbarawa: waliotangulia uliwazalia wapi? Yeye akajibu kwa Kisomali, mama Mbarawa akageuza kwa Chimwini, nami nikajigeuzia mwenyewe moyoni. Akasema wa pili alimzalia kwenye hospitali ndogo ya njia ya Afgooye, kwa daktari mwanamke, na hakulipa kitu kwa sababu hakuwa na kitu. Nikauliza, daktari mwanamke? Akanitazama kwa mshangao. "Hawa," akasema. Kama mtu anayetaja jirani.

Niliyaweka hayo. Miaka ilipopita nikawa nakusanya kila nilichosikia juu yake, kwa redio, kwa magazeti, kwa Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, tuliokuwa tukienda kununua vitambaa kwao. Kwa hivyo haya nikwambiayo nimeishi nayo muda mrefu.

Hawa Abdi alizaliwa Mogadishu mwaka 1947. Babake alifanya kazi bandarini, kama babu yako. Mamake alifariki kwa matatizo ya uzazi, Hawa mwenyewe angali msichana mdogo, na kwa kuwa ndiye mkubwa, wadogo zake wakawa mikononi mwake. Wewe ni daktari wa wajawazito, sina haja ya kukueleza mtoto wa kike anaona nini pale mamake anapokufa na mimba ndani ya nyumba isiyo na daktari. Nadhani siku ile ndiyo aliyoingia kazini, hata kama shahada ilichelewa. Tena akaozwa mapema mno, kwa mtu aliyemzidi umri kwa mbali, akazaa, na kichanga kile hakikuishi. Naliandika hili kwa mkato maana yeye mwenyewe hakulificha, na sitaki ulipite. Watu wanapomtaja "Mama Hawa" wanadhani alianza kuwa mama alipofungua kambi. Alianza akiwa mtoto, na alianza kwa kuzika.

Mwaka 1964 akapata ufadhili wa kwenda kusoma udaktari Kiev, wakati ule ikiwa Umoja wa Kisovieti. Fikiria msichana wa Mogadishu kwenye theluji ile, na lugha ile. Akamaliza 1971, akarudi, akawa katika wanawake wa kwanza wa Kisomali kuwa madaktari wa magonjwa ya wanawake. Hakutosheka. Asubuhi akawa yuko wodini na saa nyingine akasoma sheria chuo kikuu cha Mogadishu, mpaka 1979 akapata na shahada hiyo. Katikati ya hayo akaolewa tena, akazaa watoto watatu: Deqo, Amina na Ahmed. Hebu hesabu wewe mwenyewe miaka hiyo. Mtoto tumboni, vitabu vya sheria mezani, na foleni ya wagonjwa mlangoni. Ukiniuliza alilala saa ngapi, sijui.

Mwaka 1983 akafungua kliniki kwenye shamba la familia, njia ya Mogadishu kwenda Afgooye. Chumba kimoja. Alikuwa amechoka kuona wanawake wa bara na wafugaji wakiletwa mjini siku ya tatu ya uchungu, mtoto ameshakufa, mama naye yuko njiani. Akasema kama wao hawawezi kufika, daktari ndiye asogee. Hilo wewe walifahamu kuliko mimi sasa, maana ndilo lililokupeleka huko uliko. Kuna ambao huwaona mwisho kabisa, na wewe na mimi twajua maana ya "mwisho kabisa": kizazi kimepasuka, shuka imelowa, mume amesimama nje na punda.

Halafu ndiyo ikaja 1991. Wakati watu wanapanda maboti kuja kwetu, yeye alikuwa na njia ya kuondoka. Alikuwa daktari aliyesoma nje, mwenye lugha, angepokewa popote. Aliyemwambia abaki ni nyanya yake. Wasomali wamwita nyanya *ayeeyo*. Ndiye aliyekuwa amemlea baada ya mamake kuondoka, na ndiye aliyemwambia utumie elimu uliyopewa kuwasaidia wanyonge. Akabaki.

Mwanangu, hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, na usipaharakie. Kila mtu akisimulia habari za Daktari Hawa asimulia ushujaa wake, na ni haki yake. Mimi kila nikisoma huwa nasimama kwa yule bibi kizee. Hakuna gazeti lililompiga picha. Lakini bila yeye, nani angewalea wasichana wale waliofiwa mpaka mmoja akafika Kiev? Na nani angekuwa na mamlaka ya kumwambia daktari mzima, mama wa watoto watatu, katikati ya risasi, kaa? Babake mtu hawezi kusema hivyo. Mume hawezi. Ni nyanya peke yake.

Watu wakaja. Kwanza wafanyakazi wake na jamaa zao, kisha majirani, kisha wasiomjua. Wakakaa chini ya miti. Akawapa mahali pa kukaa bila kodi, akachimba maji, akagawa chakula alichopata. Njaa ya 1992 ikapita pale, akatibu na akazika. Ile kliniki ya chumba kimoja ikaendelea kukua mpaka ikawa hospitali ya vitanda 400. Na baadaye, mapigano ya Mogadishu yalipochacha tangu 2007, njia yote ya Afgooye ikajaa vibanda vya matambara, na kwenye ardhi yake peke yake watu wakafikia kama 90,000. Tisini elfu. Nyumba yetu ina watu wanne na sikosi kelele.

Aliwawekea sharti mbili ambazo zilinifurahisha tangu niliposikia. Ya kwanza, hakuna kuulizana kabila wala ukoo; ukija hapa wewe ni Msomali, na anayetaka kuleta habari za ukoo aondoke. Ya pili, mwanamume akimpiga mkewe, anafungiwa stoo. Stoo hasa, yenye madirisha ya nondo. Mimi nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na moja, nimeshona nyuso za wanawake na kuandika "ameanguka ngazini" kwa sababu mume amesimama pembeni ya kitanda. Nilipolisoma lile la stoo, nililia. Nilijua ni mwanamke gani anayeweza kuweka sharti kama lile: aliyemwona mgonjwa akiwa uchi na alama zake zote, kisha akakataa kujifanya hakuziona.

Sasa kuhusu watoto wake, maana ndilo swali lako. Walikulia palepale. Hawakupelekwa mbali na kazi ya mama yao ili wawe salama nayo. Walikula na watoto wa kambi, walisikia vilio vya leba kupitia ukutani, waliona waliopona na waliobebwa kwenye machela kwenda makaburini. Deqo na Amina wote wawili wakasomea udaktari Urusi, na wote wawili wakarudi kufanya kazi na mama yao. Hakuna aliyewalazimisha kurudi mahali kama pale. Mwaka 2010 jarida la Glamour la Marekani liliwatuza wote watatu kwa pamoja, mama na binti zake, na nikakuonyesha picha, unakumbuka? Wewe ukasema, "Wamefanana." Mimi nilikuwa nikitazama mikono. Mama ameketi, na mikono yake imelala mapajani kama ya mtu aliyezoea kuinuka haraka.

Na mwaka huohuo, Mei, kabla ya tuzo, ndipo walipomvamia. Mamia ya wapiganaji wa Hizbul Islam, kundi la waasi wa Kiislamu, waliingia na bunduki, wakavunja vifaa, wakararua kumbukumbu za wagonjwa, wakamweka chini ya ulinzi. Walitaka awakabidhi hospitali; walisema mwanamke hawezi kuongoza mahali kama pale. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu. Akawauliza wale vijana, nyinyi ni wanaume na mna nguvu, mmeifanyia nini jamii yenu? Akasema hataondoka, na akifa atakufa na watu wake. Wanawake wa kambi wakatoka kuandamana mbele ya bunduki zile zile. Wasomali wa nchi za mbali wakapiga simu, wakapaza sauti redioni. Siku zikapita, na wale vijana wakalazimika kumwachia. Yeye akakataa kuendelea na kazi kabla hawajaandika barua ya kuomba radhi. Na wakaiandika.

Barua ya radhi ile naipenda kuliko tuzo zote. Mwaka 2012 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, na 2017 Harvard wakampa shahada ya heshima, na ni vizuri. Lakini kijana mwenye bunduki kukaa chini, kushika kalamu, na kumwandikia mama mtu mzima kwamba nimekosa, hiyo ni tiba. Aliwatibu na wao.

Basi ulivyouliza: je, hakuna aliyeibiwa?

Aliibiwa, mwanangu. Nilipokwambia ukiwa msichana kwamba alikuwa kamili kotekote, nilikusemea kama tunavyowasemea watoto. Saa alizompa mgonjwa hakumpa Ahmed. Usiku aliokaa na mama anayevuja damu, binti zake walilala bila yeye. Saa haigawanyiki. Na yule mwana, Ahmed, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2005. Hakufa kwa sababu ya kazi ya mama yake, usije ukafikiri nasema hivyo. Ila mama anayefiwa na mwana hurudi nyuma kuhesabu kila siku ambayo hakuwepo, iwe ana kazi au hana. Yeye alihesabu, sina shaka. Kisha asubuhi akafungua mlango wa wagonjwa.

Sasa acha nikwambie jambo langu mimi, maana sitaki kukujibu kwa maisha ya mtu mwingine tu.

Ile alama iliyoko kwenye kiwiko chako cha kushoto, ya chai. Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa zamu ya usiku, leba, na nina mama wa pacha. Wa kwanza ametoka salama. Wa pili amelala kombo, mkono umetangulia, daktari ameitwa na hajafika. Askari wa getini akaja mlangoni akanambia, "Sista, kuna mtu wako nje. Mtoto ameungua chai." Nikamuuliza, ameungua wapi? Akasema mkononi. Nikamuuliza, analia? Akasema analia sana. Nikasema kama analia yuko hai. Nikarudi kwa yule mama.

Babako alikubeba kwa teksi akakupeleka hospitali nyingine. Daktari wangu alifika, pacha wa pili akageuzwa na akatoka, bluu kabisa, nikampigapiga nyayo akalia. Nikaendelea mpaka asubuhi, maana hapakuwa na wa kunipokea. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekaa kitandani na bendeji mpaka begani. Ukaniuliza, "Mama, hawakukwambia?" Nikakujibu, "Hawakunambia."

Walinambia. Nilijua tangu saa mbili usiku. Nimekaa na uongo ule miaka yote hii, na kila nikiona kiwiko chako ukiwa umevaa mikono mifupi naukumbuka. Nilidhani nakukinga. Sikutaka ujue kwamba mama yako alisikia kwamba unalia, akachagua kubaki na mtoto wa mtu. Leo nakwambia, kwanza uniwie radhi, na pili kwa sababu naona ulichonyimwa usiku ule si mkono wangu tu. Ulinyimwa kujua nilikuwa wapi. Kama ningekuketisha nikakwambia kulikuwa na mtoto mdogo kuliko wewe ambaye angekufa, ungelia, ungekasirika pengine mwezi mzima, lakini ungekuwa na kitu cha kushika. Nami nikakupa "hawakunambia". Ukakua ukidhani kuna watu wabaya huko kazini kwa mama ambao hawapeleki habari.

Daktari Hawa hakufanya hivyo. Ndiyo tofauti niionayo kati yake na mimi. Hakuwaficha watoto wake kile kilichowala saa zao. Waliona kwa macho ni nani aliyekunywa maziwa yao. Deqo na Amina waliporudi kutoka Urusi hawakuwa wakirudi kwa mama tu, walikuwa wakirudi kwa watu ambao kwa namna fulani walikuwa tayari wameshawalipia.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo, na kama ulitaka jepesi zaidi nisamehe. Anaibiwa. Sema tu usimwibie gizani. Mtoto wako hajafika miaka mitatu, hawezi kuelewa kifafa cha mimba wala kondo la nyuma lililotangulia. Lakini aweza kuambiwa: mama yuko na mtu mgonjwa. Kila jioni namwambia hivyo. Akiuliza, "Mama wapi?" namjibu, "Mama yuko na mtoto mchanga, amzalisha." Jana alichukua mdoli akamlaza kwenye kiti, akanambia, "Nyanya, nyamaza, azaa." Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikanyamaza kweli, mpaka mdoli alipozaa kijiko.

Na lile la siku tatu bila simu, usijipige nalo. Piga leo. Ukikosa mtandao tuma sauti, dakika moja yatosha, nitampigia asikie mara kumi. Ila usimsemeshe kwa haraka ukiwa unatembea kwenye korido. Watoto wanajua. Keti chini kwanza.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza ila nimelisoma kati ya maneno yako: unaona haya kwamba mimi, baada ya miaka thelathini na moja ya zamu, sasa nabeba tena mtoto usiku. Usione haya, mama yangu. Nilipokuwa kazini nyanya yako alikubeba wewe, na sikumlipa kitu zaidi ya leso za Idi. Nilikwambia kuhusu ayeeyo wa Daktari Hawa kwa makusudi. Mimi ndiyo zamu yangu hii. Kama kuna siku nitachoka nitakwambia, na utakuja umchukue, hatutafichana. Mpaka siku hiyo usiniulize kila Ijumaa kama nimechoka.

Daktari Hawa alifariki Mogadishu tarehe 5 Agosti 2020, akiwa na miaka 73. Ulikuwa mwaka wa korona, wewe uko wodini umevaa mabarakoa mawili, na sikutaka kukupa habari za msiba kwa simu. Nilisikia asubuhi kwenye redio nikiwa nachuja tui. Nikaketi. Nikamkumbuka yule mwanamke wa Utange, alivyonitazama kwa mshangao niliporudia "daktari mwanamke?" Yule mtoto wake wa tatu nilimpokea mimi, msichana, kilo mbili na nusu hivi. Mama Mbarawa alimsomea adhana sikioni taratibu kwa sababu hapakuwa na mwanamume karibu. Wakaondoka Utange pamoja na wengine, kambi ilipofungwa miaka ya tisini. Wengi walikwenda Marekani, sijui kama na wao. Huyo msichana sasa ana umri kama wako, amekuzidi kidogo. Huenda naye yuko zamu mahali.

Deqo ndiye anayeendesha kazi ya mama yake sasa. Mlango haujafungwa.

Mtoto ameamka, namsikia. Nimalize na la nyumbani. Ile leso yako ya buluu yenye korosho uliyomwachia alalie, niliifua Jumatatu kwa sababu ilikuwa imejaa uji. Nilikosea. Usiku wote aliinusa, akaitupa, akaitafuta, akaitupa tena. Harufu yako imetoka. Nimeifunga kwenye mfuko pamoja na barua hii nikampa dereva wa basi la alfajiri. Ivae siku mbili tatu, lala nayo, usiitie marashi. Kisha mrudishie dereva yuleyule, usiifue.

Mamako akupendaye.